Namna ya Kuisoma Barua ya Liwali Plinius Kuhusu Wakristo Pamoja na Kikundi cha Wasomaji

Karibu na mwaka 112, liwali wa Kirumi aliyetawala jimbo la Bithinia na Ponto, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Uturuki, alimwandikia Kaisari kumuuliza awafanye nini watu walioshtakiwa mbele yake kwa kuwa Wakristo. Liwali huyo ni Plinius, ambaye huitwa Plinius Mdogo ili asichanganywe na mjomba wake aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, na Kaisari ni Traianus, aliyetawala kuanzia mwaka 98 hadi mwaka 117. Barua hiyo, iliyo ya 96 katika kitabu cha kumi cha barua zake, pamoja na jibu la Kaisari lililo la 97, ndiyo maandishi ya kale kuliko yote yaliyotufikia ambamo ofisa wa Kirumi anasimulia mwenyewe jinsi alivyowahukumu Wakristo. Ni fupi, haijazi hata kurasa tatu, na kwa hiyo inafaa sana kwa watu wanaokutana jioni baada ya kazi.

Nimeisoma na vikundi mbalimbali hapa Dar es Salaam: wanajumuiya wa mtaani, walimu wa historia, na mara moja majirani wa Magomeni, Waislamu kwa Wakristo, waliotaka kusoma kitu pamoja. Mara ya kwanza nilikosea. Nilianza kwa kutangaza kwamba tunakwenda kusoma habari za mateso ya Wakristo, na kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza kila mtu alikuwa ameshaamua nani ni mwema na nani ni dhalimu. Saa mbili zikaishia katika mabishano ya dini za leo, na barua yenyewe ikabaki mezani haijaguswa. Tangu siku hiyo nashikilia jambo moja, nalo ndilo msingi wa mwongozo huu: isomeni kwanza kama waraka wa kiserikali, ulioandikwa na mtumishi wa dola mwenye wasiwasi kwa mkuu wake wa kazi, na muiache habari ya imani ijitokeze yenyewe kutoka ndani ya wasiwasi huo.

Maandalizi

Tafuta tafsiri ya Kiingereza iliyo huru kutumika, kwani zipo za zamani kadhaa kwenye intaneti, kisha uigeuze kwa Kiswahili wewe mwenyewe au pamoja na wenzako wawili watatu wiki moja kabla ya kukutana. Kama yupo padri au mwanafunzi wa seminari anayejua Kilatini, mwombeni awasaidie katika maneno machache nitakayoyataja hapa chini. Andika namba kando ya kila mstari wa tano ili watu waweze kuonyeshana mahali, toa nakala kwenye duka la steshenari, na umpe kila mtu karatasi yake na kalamu tatu za rangi tofauti. Tengeni jioni mbili, maana jioni moja haitoshi.

Kabla ya kusoma, eleza kwa dakika tano tu Plinius alikuwa amefuata nini Bithinia. Jimbo hilo kwa kawaida lilikuwa chini ya Baraza la Seneti, lakini Kaisari alimteua Plinius kuwa mjumbe wake maalumu huko kwa sababu fedha za miji zilikuwa zikipotea na mivutano ilikuwa imezidi. Mifano imo katika barua zake nyingine: watu wa Nicomedia walikuwa wametumia sesterti (sarafu za Kirumi) 3,318,000 kujenga mfereji wa maji usiokamilika, wakaubomoa, wakaanza mwingine kwa 200,000, nao wakauacha; na watu wa Nikea walikuwa wameshazamisha zaidi ya milioni 10 katika jumba la michezo ambalo kuta zake zilikuwa zikididimia na kupasuka kabla halijamalizika. Huyu basi ni mtu aliyekuja kukagua hesabu na kutuliza miji. Kesi za Wakristo zilimkuta akiwa katika kazi hiyo.

Neno «liwali» nimelichagua kwa makusudi. Ndilo neno ambalo Biblia ya Kiswahili inawapa Pilato na Feliki, kwa hiyo msikilizaji anaijua sauti yake. Lakini wazee wa Pwani wanakumbuka pia liwali wa enzi za Sultani na za wakoloni, aliyekuwa na mamlaka madogo zaidi. Ni vizuri kuwaambia watu mapema kwamba liwali wa Kirumi alikuwa na uwezo wa kuamuru mtu auawe bila kurejea kwa mkuu wake, isipokuwa mtu huyo akiwa raia wa Roma.

Anzeni na moto, msianze na Wakristo

Hili ndilo pendekezo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Jioni ya kwanza someni barua ya 33 na jibu lake la 34, ambazo hazitaji Wakristo hata kwa neno moja.

Katika barua ya 33 Plinius anaeleza kwamba moto mkubwa umeteketeza nyumba nyingi za Nicomedia pamoja na majengo mawili ya umma, jumba la baraza la wazee na hekalu la Isis, ingawa palikuwa na barabara katikati yake. Upepo ulikuwa mkali, lakini anasema wazi kwamba watu nao walisimama kutazama bila kufanya lolote, na kwamba mji mzima haukuwa na pampu wala ndoo wala chombo chochote cha kuzimia moto. Anaomba ruhusa ya kuunda kikosi cha zimamoto cha watu wasiozidi 150, na anaahidi kwamba ataangalia asiingie mtu asiye fundi, na kwamba kwa uchache wao haitakuwa vigumu kuwachunga.

Mwulize kila mmoja angejibu nini kama angekuwa Kaisari, kisha ndipo msome jibu. Traianus anakataa. Anamkumbusha liwali kwamba vikundi vya namna hiyo ndivyo vilivyoisumbua miji ya jimbo lile, na kwamba watu wakikusanyika kwa jambo moja, wapewe jina lolote na kwa sababu yoyote, haichukui muda watageuka kuwa chama. Vinunuliwe vifaa, anaagiza, na wenye nyumba wavitumie wenyewe, wakiomba msaada wa watu waliopo pakihitajika.

Katika kila kikundi nilichokiongoza, hapo ndipo watu wanaponyamaza. Wanaona kwamba dola hii iliona heri mji uungue kuliko watu 150 wazoee kukutana. Wakati huo ongeza barua za 92 na 93, ambamo watu wa Amisus, mji huru wenye mkataba na Roma, wanaomba kuwa na vyama vya kuchangiana. Traianus anajibu kwamba, kwa kuwa sheria zao zinawaruhusu, hawezi kuwazuia, hasa kama michango hiyo inatumika kuwasaidia maskini badala ya kuchochea makundi na mikutano haramu. Lakini katika miji mingine iliyo chini ya sheria ya Roma, vyama vya namna hiyo vipigwe marufuku. Mama mmoja ambaye ni mweka hazina wa kikoba chao aliisikiliza barua hiyo na kusema kwamba chini ya Kaisari yule wao wote wangekuwa wahalifu. Alikuwa sahihi, na kwa maneno yale alikuwa ameshaingia katika barua ya 96 kabla hatujaisoma.

Kalamu tatu

Sasa gaweni karatasi za barua ya 96 na mtu mmoja aisome yote kwa sauti, polepole, bila maelezo. Katika usomaji wa pili kila mtu apigie mistari: rangi ya kwanza kwa yale ambayo Plinius aliyafanya mwenyewe, ya pili kwa yale aliyoambiwa na wengine, na ya tatu kwa hukumu zake, yaani sifa anazowapa watu na mambo. Kazi hii inaonekana ya kitoto, lakini hakuna njia ninayoijua inayomfanya msomaji aone haraka zaidi kwamba waraka mmoja una sauti nyingi.

Rangi ya kwanza itaangukia utaratibu wa kesi. Aliwauliza kama ni Wakristo. Waliokiri aliwauliza tena mara ya pili na ya tatu akiwatishia adhabu. Walioshikilia aliamuru wapelekwe kuuawa. Wale waliokuwa raia wa Roma aliwaandikisha ili wapelekwe Roma. Hakikisha kikundi kinaiona sababu anayoitoa, kwa maana wengi huipita. Anasema kwamba, vyovyote itakavyokuwa juu ya kile walichokikiri, ukaidi wao na shingo zao ngumu bila shaka vilistahili adhabu. Na huyu ndiye mtu ambaye mistari michache kabla alikuwa ameuliza kama kinachoadhibiwa ni jina lenyewe la Mkristo hata pasipo uovu, au ni maovu yanayoambatana na jina hilo. Alikuwa ameshawaua watu kabla ya kujua jibu la swali lake. Msiipite sentensi hiyo haraka.

Rangi ya pili ndiyo yenye utajiri. Baada ya kesi za kwanza mashtaka yaliongezeka, ukaletwa pia waraka usio na jina la mwandishi, wenye majina mengi. Miongoni mwa walioitwa, wengine walisema kwamba waliwahi kuwa Wakristo lakini wameacha, wengine miaka mitatu iliyopita, wengine hata miaka 20. Hao ndio walioeleza mikutano ilivyokuwa. Walikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kwa kupokezana kama wanavyoimbiwa miungu, wakajifunga kwa kiapo, si kwa ajili ya uhalifu, bali kwamba hawataiba, hawatanyang'anya, hawatazini, hawatavunja ahadi, wala hawatakana amana inapodaiwa. Kisha walitawanyika na kukutana tena kwa chakula, chakula cha kawaida kisicho na madhara. Na hata hilo waliliacha baada ya liwali kutoa tangazo, kwa agizo la Kaisari, la kupiga marufuku vyama.

Hapa rudini kwenye zimamoto wa Nicomedia. Watu wanaokutana kwa siku maalumu, wenye kiapo na chakula cha pamoja, ndio hasa aina ya mkusanyiko ambao Traianus aliuogopa hata ulipobeba ndoo za maji. Wale waliouliza tangu mwanzo, «Lakini kosa lao ni nini?» huanza kujijibu wenyewe.

Ombeni pia watu walitafakari neno «amana». Kiswahili kimebahatika hapa, kwa sababu neno la Kilatini lililotumika linamaanisha kitu hicho hicho: mali ya mtu iliyowekwa mikononi mwa mwingine kwa kuaminiwa. Mtumwa au kibarua wa mji wa Kirumi aliyetaka kuhifadhi akiba ndogo alimtegemea mtu atakayemrudishia. Kuliweka katazo la khiyana katika kiapo pamoja na wizi na uzinzi ni kutuonyesha watu hao walikuwa nani na walihitajiana kwa nini. Siku tuliyosoma na majirani wa Magomeni, mzee mmoja Mwislamu alizungumza juu ya amana kwa muda mrefu kuliko sisi sote, na sikumkatisha.

Maneno ya kuchagua kwa uangalifu

Rangi ya tatu ndiyo itakayowasumbua wafasiri. Plinius anahitimisha uchunguzi wake kwa kusema kwamba hakukuta kitu kingine ila *superstitio* iliyopotoka na kupita kiasi. Wengi hukimbilia kuandika «ushirikina». Nashauri msiandike hivyo. Kwa sikio la Mwislamu ushirikina ni kumshirikisha Mungu na wengine, na kwa mazungumzo ya mtaani ni mambo ya uchawi. Ukilitumia hapa, utamfanya Mrumi mwenye miungu mingi awashtaki kwa ushirikina watu waliokataa miungu yote isipokuwa mmoja. Alichokusudia ni ibada ngeni isiyo na kiasi, isiyotokana na desturi za wazee wa mji. Sisi tuliandika «ibada iliyopotoka, isiyo na kiasi», na ilitutosha.

Neno «dini» nalo lina mtego. Mtu wa Dar es Salaam akiulizwa dini yake hutaja moja, na kuingia nyingine ni kuiacha ya kwanza. Mkazi wa Nicomedia angeweza kumtolea kafara Jupiter katika sikukuu ya mji, akaingia hekalu la Isis, mungu wa Kimisri, akamwaga divai kwa ajili ya wazee wake nyumbani, asione kwamba amehama popote. Ibada hizo zilikuwa sehemu ya uraia mwema, na mahakimu wa mji ndio waliozisimamia. Kwa hiyo anayekataa kumtolea mungu wa mji alionekana kama mtu anayejitenga na majirani zake mbele ya hatari inayowahusu wote.

Ubani mezani

Jioni ya pili mimi huweka mezani punje chache za ubani nilizonunua Kariakoo. Siuchomi, na nakushauri usiuchome, kwa sababu wapo watakaokwazika, na hakuna haja. Inatosha watu waone udogo wake. Wale waliokana kuwa Wakristo, anaeleza Plinius, aliwaachilia baada ya kuyarudia maneno ya kuiomba miungu yeye akitangulia kuyatamka, na kutoa ubani na divai mbele ya sanamu ya Kaisari, ambayo aliagiza iletwe pamoja na sanamu za miungu kwa ajili hiyo, na kisha kumlaani Kristo. Alikuwa amesikia kwamba aliye Mkristo kweli hawezi kulazimishwa kufanya lolote kati ya hayo.

Ubani uliofukizwa katika mahekalu ya Kirumi ulitoka kusini mwa Uarabuni na pwani ya Wasomali, ukapandishwa kwa majahazi ya Bahari ya Shamu. Ni ule ule tunaoufahamu sisi katika maulidi na katika misa. Mwulize kila mtu, akiangalia punje zile: kwa liwali, tendo hili lilimgharimu mtu nini? Kwake ni kitu kidogo, cha kuonyesha adabu kwa miungu na kwa mkuu wa nchi, na ndiyo sababu anaona kukataa ni ukaidi mtupu. Kwa yule aliyesimama mbele yake, tendo lile lile lilikuwa kumkana Bwana wake. Acha pande zote mbili zisemwe kikamilifu. Mpe mtu mmoja amtetee liwali kwa moyo wote, na asiruhusiwe kumdhihaki.

Baada ya hapo inakuja sentensi ambayo husomwa kwa haraka mno. Ili kupata ukweli, Plinius aliwatesa wajakazi wawili ambao kati ya wenzao waliitwa *ministrae*, yaani wahudumu, na wengine hutafsiri «mashemasi». Sheria ya Kirumi iliukubali ushahidi wa mtumwa ukitolewa kwa mateso. Hatuambiwi majina yao. Yeye anaandika jambo hilo kwa utulivu wa mtu anayeripoti kipimo cha kawaida, kisha anaendelea na sentensi ifuatayo. Simamisheni usomaji hapo. Mimi huwaomba watu wakae kimya dakika moja, kisha tunazungumza juu ya jinsi watumwa wawili wanawake walivyokuwa na cheo katika mkusanyiko ambao liwali aliudharau, huku katika mji wa liwali wasiwe na cheo chochote.

Jibu la Kaisari

Jibu la Traianus ni la mistari michache, na lisomwe mara mbili. Hakuna kanuni moja inayoweza kuwekwa kwa kesi zote. Wakristo wasitafutwe; wakishtakiwa na kuthibitika, waadhibiwe; anayekana na kulithibitisha hilo kwa kuiabudu miungu yetu asamehewe, hata kama alishukiwa zamani, na mashtaka yasiyo na jina la mwandishi yasipokelewe kamwe, kwa kuwa huo ni mfano mbaya na haufanani na zama zetu.

Kikundi kitagawanyika hapa, nacho kiachwe kigawanyike. Wako watakaomsifu kwa kukataa barua za siri, na hilo ni jambo kubwa kwa yeyote aliyewahi kuponzwa na barua ya bila jina. Wako watakaouliza inakuwaje mtu asitafutwe kama ana hatia, na auawe kama hana. Waambieni kwamba swali lao liliulizwa na Mwafrika: Tertullianus wa Karthago, mwandishi Mkristo, karibu na mwaka 197, aliishambulia hukumu hiyo kwa sababu hiyo hiyo, akisema kwamba inakataza watafutwe kama wasio na hatia na inaagiza waadhibiwe kama wenye hatia. Binafsi naona Tertullianus ana haki kabisa katika hoja, na naona pia kwamba Traianus hakuwa akijenga hoja. Alikuwa akitafuta namna ya kumpunguzia liwali wake kesi.

Rudini mwishoni mwa barua ya Plinius kuona jambo hilo. Anasema kwamba walio hatarini ni wengi, wa kila umri, kila cheo, wanaume na wanawake, na kwamba ibada hii imeenea mijini, vijijini na mashambani. Lakini anatumaini. Mahekalu yaliyokuwa karibu matupu yameanza kujaa, sikukuu zilizoachwa zimerudi, na soko la wanyama wa kafara, lililokuwa limekosa wanunuzi, limechangamka. Mtu mmoja mwenye bucha aliuliza mara moja kama si wafanyabiashara hao waliopeleka mashtaka. Barua haisemi hivyo, na kiongozi asikubali liandikwe kana kwamba inasema. Swali lake, hata hivyo, ni zuri, na linafaa kubaki ubaoni.

Kikundi kikitaka kuendelea, kisirukie kwa Kaisari Konstantino na mwaka 313, Wakristo waliporuhusiwa kuabudu, kama wengi wanavyopenda. Chukueni kumbukumbu ya kesi ya Wakristo wa Scilli, mji wa Afrika ya Kirumi, iliyosikilizwa Karthago tarehe 17 Julai mwaka 180. Ni fupi kuliko barua ya Plinius, na safari hii washtakiwa wanasikika wakijibu wenyewe. Liwali Saturninus anawaambia kwamba sisi nasi ni watu wa dini, na dini yetu ni nyepesi: tunaapa kwa ustawi wa Kaisari na kumwombea afya. Anawapa siku 30 za kufikiri, nao wanazikataa. Anamuuliza Speratus, msemaji wao, wamebeba nini katika kisanduku chao, naye anajibu kwamba ni vitabu na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Someni kwa sauti mbili, mmoja liwali na mmoja Speratus, mkiwa na kalamu zile zile tatu mkononi.